KUTOKA MLIMANI KUJA MJINI
Historia ya watu waliojenga paroki yetu



Ni desturi katika kitabu cha jubilei kuhesabu majengo na kutaja majina ya mapadri waliotutangulia. Hayo yote mtayasoma katika kurasa zingine. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi wala picha ukutani, lakini ambalo bila hilo paroki yetu isingekuwako: safari ya watu kutoka vijijini kuja hapa mjini Bukavu.

Mtu akifungua vitabu vya ubatizo na vya ndoa hapa Kadutu, ataisoma safari hiyo katika safu moja nyembamba, pale panapoandikwa mahali pa kuzaliwa. Huyu alizaliwa Walungu, yule Nyangezi, mwingine Kabare, Katana, Kalehe, Idjwi, Mwenga au Shabunda. Wazazi walitoka mbali. Watoto wao wameandikwa Bukavu. Wajukuu wao wameandikwa Bukavu vilevile, na wengi wao hawajakanyaga hata mara moja kilima alikozaliwa babu yao.

Tunataka kuonyesha jambo moja. Mji uliita mikono ya watu. Watu wenyewe haukuwaita. Uliwapa kazi na mshahara, lakini haukuuliza nani atawaoza watoto wao, nani atawapatanisha wakigombana, nani atawazika wakifa. Maswali hayo watu walikuja nayo mioyoni mwao, wakayatafutia jibu wenyewe. Paroki yetu ni sehemu ya jibu hilo.

I. Mji uliojengwa kwa ajili ya kazi

Kabla ya mji kulikuwa na malisho. Nchi hii ni ya Bushi, chini ya mwami wa Kabare, na wazee hueleza kwamba jina Bukavu limetoka katika neno la Kimashi lenye maana ya mahali pa ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Wabelgiji walijenga kituo cha Leta kando ya ziwa Kivu, karibu na pale mto Ruzizi unapotoka ziwani kwenda Tanganyika. Mwaka wa 1927 wakakiita Costermansville, kwa jina la mkubwa mmoja wa Leta yao. Jina la zamani likarudi katika miaka ya 1950.

Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufika. Misioni ya Nyangezi ilianza mwaka wa 1906, na mwaka wa 1929 Roma iliunda Vikariati ya Kivu. Lakini misioni za kwanza zilijengwa vilimani, katikati ya mashamba na migomba ya watu. Huko ndiko walikokuwa watu wenye ukoo na ardhi. Mjini kulikuwa na ofisi, bohari na askari.

Kilichogeuza mambo ni ardhi. Mwaka wa 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa mamlaka ya kuwagawia wazungu ardhi. Mashamba makubwa ya kahawa, ya chai na ya miti ya kinini yakaenea juu ya vilima. Katika desturi ya Bushi mtu alipata ardhi kwa kalinzi, yaani zawadi, mara nyingi ng'ombe, aliyompa mwami au mkubwa aliyewekwa naye. Na kwa zawadi hiyo yeye na watoto wake walikuwa na mahali pao duniani. Ardhi ilipopungua, kijana hakuwa tena na tumaini la kutoa kalinzi yake mapema. Tena kodi ilidaiwa kwa franga, si kwa maharagwe. Basi zilibaki njia mbili: kwenda kutumika katika shamba la mzungu au katika migodi ya Kamituga, ama kushuka mjini.

Mjini kila mmoja alipangiwa mahali pake. Wazungu walikaa juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa Kadutu, mlimani, na baadaye Bagira, ambako ofisi ya Leta iliyoitwa OCA, iliyoundwa mwaka wa 1952, ilijenga nyumba nyingi za namna moja. Ili kutoka katika nchi ya mwami wake na kukaa mjini, mtu alihitaji ruhusa iliyoandikwa. Asiye na kazi aliweza kurudishwa alikotoka. Ndivyo walivyokuja waashi, makarani, madereva, wapishi na wachukuzi wa mizigo. Wengi walikuja peke yao, kwa mwaka mmoja au miwili, kama walivyojisemea. Wengi hawakurudi.

II. Mahali palipo nje ya desturi

Sheria ya mwaka wa 1931 iliviita vitongoji vya namna hii, kwa Kifaransa, centres extra-coutumiers, maana yake mahali palipo nje ya desturi. Walioandika sheria hiyo walifikiri juu ya utawala tu: kwamba watu wa huku hawatakuwa tena chini ya mwami. Lakini jina lile lilisema ukweli kuliko walivyokusudia.

Kijijini, mtu alikuwa ndani ya desturi kama samaki majini. Akitaka kuoa, baba na baba wadogo walikwenda kuposa, na ng'ombe wa mahari wakatoka katika zizi la ukoo. Akigombana na mkewe, wazee waliketi. Akifa, kilima chote kiliacha jembe mpaka azikwe. Mjini, jirani yake wa kuume alikuwa Mrega, wa kushoto Mhavu, na mwenye nyumba alimjua kwa jina la kazi yake. Wanaume waliobaki peke yao walianzisha nyumba za pili, huku mke wa kwanza akilima kijijini akingoja habari. Nao wanawake waliothubutu kuja mjini bila mume walishukiwa. Katika miji mingi ya Kongo ya Wabelgiji, mwanamke aliyehesabiwa kuwa anaishi peke yake alitozwa kodi ya pekee, kana kwamba upweke wake ni kazi yenye faida.

Hapo ndipo karatasi ndogo ya Eklezia ilipofanya kazi kubwa. Mkristu hafungi ndoa bila cheti cha ubatizo kutoka mahali alikobatizwa, kwa sababu huko, pembeni ya jina lake, huandikwa kama amekwisha kufunga ndoa. Basi barua ilipanda kutoka mjini kwenda Nyangezi au Katana. Padri wa huko alifungua kitabu, na tangazo la ndoa likasomwa mbele ya watu wanaomjua kijana na wazazi wake. Aliyeacha mke na watoto mlimani hakuweza kujifanya kijana mbele ya altare. Wako waliochukia utaratibu huo, wakakaa miaka mingi bila sakramenti. Lakini karatasi hiyo iliwalinda wanawake waliobaki nyuma, nayo ilikuwa kamba iliyomfunga mtu wa mjini na kilima chake, wakati kamba zingine zilipokuwa zikikatika.

Jambo la pili ni lugha. Vilimani Injili ilihubiriwa kwa lugha za kwao. Mjini, ili Mshi, Mhavu, Mrega na Mfuliru waweze kujibu Misa kwa sauti moja, ilibidi wakutane katika Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya kabila la mtu ye yote kati yao. Ndiyo maana kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiswahili. Faida yake ni kubwa: hakuna aliyeingia kanisani akajiona mgeni kwa sababu ya ulimi wake. Nayo hasara yake tunaiona leo, wakati mjukuu anaposimama mbele ya nyanya yake aliyetoka kijijini, wakatazamana kwa upendo, wakakosa maneno.

III. Mlango uliofunguka

Uhuru ulipokuja, Juni 30, 1960, ruhusa za wakoloni zilikwisha. Aliyetaka kuja alikuja. Lakini miaka iliyofuata haikuwa ya amani. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba walishambulia mji, wakarudishwa nyuma. Mwaka wa 1967 askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliukamata mji tangu Agosti mpaka Novemba. Wakaaji wengi walikimbia, na nyumba nyingi ziliharibika. Kwa miezi ile watu walirudi vijijini, na kijiji kikawapokea. Tusilisahau hilo: mtu wa mjini, siku ya hatari, alikimbilia kwa wale aliokuwa amewaacha.

Vita vilipotulia, watu walirudi, na wengine wengi waliwafuata. Hesabu ya mwaka wa 1970 ilikuta mjini watu karibu 135,000. Ile ya 1984 ilikuta zaidi ya 160,000. Siku hizi makadirio yanapita milioni moja. Kilichowasukuma si tamaa ya taa na muziki tu, kama wengine wanavyopenda kusema. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Leta. Kuanzia hapo mtu mwenye fedha na marafiki ofisini aliweza kupata hati ya kilima ambacho wengine walikuwa wakikilima tangu babu zao, nao waliolima kwa desturi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Novemba mwaka ule ule serikali ya Zaire iliyatoa mashamba na maduka ya wageni na kuwapa Wazaire. Mengi yaliharibika mikononi mwa wamiliki wapya, na vibarua wakakosa mshahara. Shamba halikuwatosha tena, mshahara wa mlimani ulikauka, na shule nzuri zilikuwa mjini. Nani angebaki?

Mji haukupanuliwa kwa ajili yao. Walijenga palipobaki: juu ya miteremko ya Nyamugo, Cimpunda, Nkafu, Funu na Panzi, mahali ambapo zamani palikuwa na miti na majani ya kushika udongo. Nyumba ilikaa juu ya nyumba, njia ya mguu ikawa mfereji wa mvua. Udongo wa vilima vyetu ni mzito, hunywa maji na kuteleza. Ndiyo maana kila masika tunalia kwa ajili ya nyumba zilizochukuliwa na watu waliofunikwa. Siku ya Mungu, Februari 3, 2008, dunia ilipotetemeka, tulikumbushwa tena jinsi tulivyojenga. Maskini hachagui korongo kwa ujinga. Huchagua korongo kwa sababu ndiyo parsele ya pekee iliyo sawa na mfuko wake.

IV. Shirika, ukoo mpya

Katika mji uliojaa namna hiyo, paroki moja ilikuwa na maelfu ya wakristu waliojaza kanisa siku ya Mungu, wakatawanyika bila kujuana. Tangu mwaka wa 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wamesema kwamba Eklezia ijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uhai. Kisha katika mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu na kufunga vyama vya vijana vya Eklezia. Kilichokusudiwa kuidhoofisha Eklezia kiliifanya itafute nguvu karibu zaidi na mlango wa kila mtu. Katika jimbo kuu letu, wakati wa Askofu Mkuu Aloys Mulindwa Mutabesha, ndipo mashirika yalipoenea.

Sote tunajua shirika ni nini. Lakini tuseme kwa ajili ya watoto watakaosoma kitabu hiki baadaye. Shirika ni familia za njia moja au za mlima mmoja, zinazokutana kila juma nyumbani mwa mmojawao, kusoma Neno la Mungu na kuulizana: nani mgonjwa, nani amegombana, nani amejifungua, nani hakuonekana. Mtu akifiwa, shirika huleta kuni, unga na maji, hukaa kilioni, huchanga fedha za sanduku. Watu wawili wakitaka kufunga ndoa, shirika ndilo linaloulizwa kwanza, kama zamani barua ilivyouliza kilima.

Tazameni basi: haya ndiyo yale yale aliyoyaacha mzee wetu alipotoka Walungu na kitambaa chake begani. Wapatanishi, wasimamizi wa ndoa, wachimba kaburi. Sheria ya 1931 iliwaweka watu nje ya desturi. Wao wenyewe wakatengeneza desturi nyingine, ambayo ndani yake Mrega anamzika Mshi, na mama wa Idjwi anasimamia ubatizo wa mtoto wa Mwenga. Hatusemi kwamba ni shirika pekee. Kuna likelemba za wamama wa soko, ambamo kila mmoja hupokea mchango kwa zamu; kuna vyama vya watu wa eneo moja. Lakini vyama vya asili moja, kwa wema wao wote, huuliza kwanza unatoka wapi. Shirika huuliza unakaa wapi.

V. Kijiji kilichobaki nyuma

Haifai kuandika historia ya mji na kusahau upande wa pili wa njia. Kila kijana aliyeshuka Kadutu aliacha jembe moja bila mkono. Katika vijiji vingi vya Bushi kazi ya shamba imebaki kwa wanawake na wazee, na udongo unachoka kwa kulimwa bila kupumzishwa. Ni kweli, mjini zilitoka fedha za mabati, za masomo na za dawa. Na kijiji nacho kilitulisha, kwa mihogo na maharagwe yanayoshuka njiani, na kwa mananasi yanayovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Idjwi. Kwa miaka mingi tumeishi kwa kupokezana mizigo.

Nani alichukua mizigo hiyo? Tuwataje kwa heshima wamama wachukuzi, ambao tunawaona kila siku wakipanda kutoka ziwani na sokoni na kilo nyingi mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Mishahara ya wanaume ilipoanguka, na hasa baada ya uporaji wa mwaka wa 1991 ulioharibu kazi nyingi nchini, nyumba nyingi za mji huu zilisimama juu ya biashara ndogo ya mama mbele ya mlango. Zamani mwanaume alikuja mjini kutafuta fedha, mke akabaki. Leo katika nyumba nyingi mke ndiye atafutaye. Geuzo hilo limeleta ugomvi mahali pengine, na heshima mpya mahali pengine.

VI. Wanaokuja wakikimbia

Tangu mwaka wa 1994 safari imebadilika sura. Waliokuja zamani walikuja kutafuta. Waliokuja baadaye walikuja kukimbia. Julai 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu waliingia Kivu kutoka Rwanda, wakajaza hata viwanja vya shule. Oktoba 1996 vita vilifika mjini, na tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera, yeye aliyekuwa amelia kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili ya wakaaji bila kutenganisha machozi. Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Vijiji vya Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda viliteswa mwaka baada ya mwaka, na watu walishuka mjini bila jembe na bila mbuzi, wakina mama wengi wakiwa na majeraha yasiyosemeka, ambayo hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Daktari Denis Mukwege, ilijitwika kuyaponya. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alisema juu ya mateso hayo. Akahamishwa kwa nguvu mwaka wa 2000, akarudi Septemba, akafariki mwezi uliofuata.

Juni 2004 mji ulitekwa tena kwa siku chache. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini, na hata familia za mjini zilijifunza upya jinsi ya kufunga mzigo usiku.

Kwa waliokimbia, kijiji si mahali pa kurudi siku ya Noeli. Nyumba iliungua, shamba linalimwa na mwingine. Wengine hupokewa na ndugu, watu kumi katika chumba kimoja, mpaka undugu unachoka. Kutoka katika nyumba hizo zilizochoka hutoka watoto wa barabarani, wanaoitwa maibobo, jina ambalo hakuna mama aliyemwita mwanawe. Hapa tunasikia neno linalotutia hofu kuliko njaa: kwamba hawa ni wageni, wameujaza mji, warudi kwao.

VII. Neno la jubilei

Katika Agano la Kale, mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kurudishiwa ardhi na kurudi kila mtu kwa jamaa yake. Wengi wetu hatuna ardhi ya kurudishiwa. Lakini jamaa tunaweza kupeana, kwa maana ndivyo tulivyofanyiwa.

Anayetaka kumwambia mwenzake arudi kwao, na afungue kwanza kitabu cha ubatizo, asome mahali alipozaliwa babu yake. Babu huyo naye aliitwa mtu wa nje ya desturi. Alipokewa na nani? Na watu ambao hawakuwa wa ukoo wake, waliokuwa wamefika mwaka mmoja au miwili kabla yake, na ambao hawakumngoja awe mwenyeji ndipo wamchimbie mtoto wake kaburi.

Kwa hiyo tunayaomba mashirika yote, katika mwaka huu, mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza: familia mpya ikifika katika njia yenu, juma lisipite kabla hamjaitembelea na kuliandika jina lake. La pili: mtu akifa katika eneo lenu, awe wa kabila lo lote au dini yo yote, asizikwe bila shirika. La tatu: wazee wawaeleze wajukuu, kwa jina la kilima na la ukoo, walikotoka, na wawafundishe salamu za lugha ya huko, ili mtoto wa Bukavu asiwe mtu asiye na nyuma.

Siku ya mwisho, Bwana wetu ametuambia, tutaulizwa juu ya mgeni. Hatutaulizwa alitoka wapi. Wazee wetu walishuka mlimani wakiwa na swali moja, nani atanizika katika mji huu, na wenzao wakawajibu kwa mikono. Leo wako wengine wanaoshuka na swali lile lile.

Tumsifu Yesu Kristu.